Stima Imepotea

Basi lilinishusha Kigoma Jumapili jioni nikiwa na begi moja, vyeti kwenye bahasha ya kaki, na imani kubwa kwamba kuna kitu kimoja ambacho hakitanisumbua hata kidogo: lugha. Nyumbani Nakuru walinionya kuhusu mbu, mamba, mvua za Januari na barabara. Kuhusu Kiswahili hakuna aliyefungua mdomo. Kwani Tanzania si wanaongea Kiswahili? Na mimi si Mkenya? Basi.

Kuhusu barabara walisema kweli. Wakati ule sehemu kubwa ya njia ilikuwa bado haijaonja lami, na kuanzia Nyakanazi hadi Kasulu basi lilikwenda upande upande kama kaa. Mara mbili tulishuka kusukuma. Nilipofika nilikuwa na rangi ya tofali, na mtoto mmoja pale stendi alinikodolea macho akamwuliza mama yake kama huyu mtu amefinyangwa.

Shule siitaji jina, maana bado wananisalimia vizuri na ninapenda iendelee hivyo. Ilikuwa juu ya kilima, ukitoka Mwanga kuelekea Ujiji, mahali ambapo ukisimama getini unaliona ziwa, na siku hewa ikiwa safi unaiona hata milima ya Kongo ng'ambo. Walitaka mwalimu wa fizikia wa kuanza kazi mara moja. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja na nusu tangu nimalize chuo, nikitafuta chochote, popote. Kigoma wenyewe wanapaita mwisho wa reli. Nikajiambia, nikishindwa hapa, mbele ni kuogelea.

Getini nilimkuta mlinzi, mzee mwenye koti refu la mvua, baraghashia na tochi. Shule nzima ilimwita Babu. Nikamsalimia kwa uchangamfu wote wa Nakuru:

"Sasa, mzee!"

Akanisubiri. Nami nikamsubiri.

"Sasa nini, mwanangu?"

"Sasa tu."

Akanimulika kuanzia viatu mpaka nywele, kisha akatazama mbinguni kama mtu anayetaka kuhakikisha kabla hajajibu. "Sasa ni magharibi," akasema, akafungua geti.

Jumatatu nilianza kwa kuchelewa. Kengele ya shule ilikuwa ringi ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe, na ilipogongwa nikachungulia dirishani nikaona giza, nikajua ni kengele ya kulala, nikageukia ukutani. Hakuna aliyeniambia kwamba Kigoma iko magharibi mno na mwezi wa kwanza jua linachomoza karibu saa moja kamili. Nilifika mstarini wimbo wa taifa umekwisha, upande mmoja wa shati nje, mwingine ndani.

Halafu zikaanza shikamoo. Kwetu bara shikamoo tunaijua, lakini tunaijua kama tunavyoijua theluji: tumeisoma. Mtoto wa kwanza akaniambia, "Shikamoo, mwalimu," nikamjibu, "Poa sana!" Wa pili, "Poa!" Wa kumi na mbili alikuwa ameshaanza kucheka kabla hajafika. Mwalimu wa historia, jirani yangu wa meza, akaninong'oneza: "Sema marahaba." Nikalishika hilo neno kama mtu aliyepewa dawa. Marahaba huku, marahaba kule, mpaka mkuu wa shule, mama wa makamo, mtulivu, anayestahili shikamoo yangu na ya ukoo wangu wote, akapita akasema, "Habari za asubuhi, mwalimu?"

"Marahaba!"

Alisimama kidogo, akanitazama, akaendelea na safari yake.

Saa nne nikaenda kwa mama ntilie anayewapikia walimu. "Nipee chai na chapati mbili, haraka kidogo." Yule mama akaweka mwiko chini. Mwalimu wa historia akanivuta shati.

"Hapa tunaomba."

"Kwani ni ya bure?"

"Hapana, unalipa. Ila unaomba kwanza."

Nikaomba chai. Nikaomba chapati. Nikaomba sukari. Nikalipa. Mchana nikaomba ugali wa muhogo na mgebuka uliopikwa kwa mawese, na tone moja la mawese likaangukia shati langu jeupe, lile la pekee, mahali pale kwenye moyo. Mawese hayatoki. Wiki nzima nilifundisha nikionekana kama mtu aliyepigwa risasi ya rangi ya chungwa.

Kipindi cha mwisho siku hiyo msichana mmoja aliinuka katikati ya zoezi. "Mwalimu, naomba kujisaidia." Neno hilo ninalijua, naapa, hata kwetu lipo, ila akili yangu ilikuwa kwenye ubao, na nikafurahi kuona mwanafunzi mwenye moyo wa kujitegemea. "Vizuri sana!" nikamwambia. "Jisaidie hapo hapo ulipo. Ukishindwa, nitakuja kukusaidia."

Sitaki kulizungumzia zaidi.

Jumanne ndiyo nilipopanda mbegu ya maafa, na wala sikujua. Kidato cha pili, mada ya umeme. Nilifundisha kwa Kiingereza kama inavyotakiwa, dakika arobaini za nguvu zote, na nilipogeuka nikakuta kimya cha msibani. Kiranja akasimama kwa adabu: "Mwalimu, tunaomba utufafanulie kidogo kwa Kiswahili."

Nikakunja mikono ya shati. "Sawa. Sikizeni. Stima inatoka kwa jenereta. Inapita kwa waya mpaka kwa nyumba zenu. Huwezi kuiona, lakini ukiishika inaweza kukuua. Na stima ikiwa nyingi kwa waya mmoja, waya unashika moto."

Lazima nisimame hapa kidogo. Kwetu Kenya umeme ni stima. Mtoto anatambaa anaambiwa usiguse stima, mtu mzima anakosa usingizi kwa bili ya stima. Neno umeme tunalo, lakini tumeliweka kwenye vitabu na taarifa ya habari, kama vyombo vya wageni. Sikujua kwamba upande huu stima ni meli. Vijana wengi siku hizi wanasema meli tu, lakini wazee wa Ujiji na watu waliozeekea bandarini, kwao ni stima mpaka kesho, na wajukuu waliolelewa na wazee hao nao hivyo hivyo.

Mjukuu mmoja wa namna hiyo alikuwa amekaa dirishani. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, abiria wanashukia wapi?"

Darasa likacheka. Nikajua nimeshampata yule mmoja ambaye kila darasa linaye. "Keti chini," nikamwambia.

Jioni nasahihisha madaftari, nikafika kwenye lake. Alikuwa amechora nguzo mbili, waya mmoja kati yake, na juu ya waya meli. Meli yenyewe imechorwa kwa ustadi: bomba linatoa moshi, matundu ya madirisha yamepangwa mstari, abiria watatu wanapunga mikono, na mmoja ameinama ukingoni anatapika. Chini ameandika kwa mwandiko mzuri: *Stima ikipita kwenye waya kuelekea nyumbani kwetu.* Nikampa 2 kati ya 10 na kuandika kwa wino mwekundu, *Acha mzaha.* Zile mbili zilikuwa za moshi.

Sasa Jumatano. Enzi hizo MV Liemba iliondoka Kigoma Jumatano saa kumi jioni, kila baada ya wiki mbili, kwenda kusini mpaka Mpulungu, Zambia. Asubuhi hiyo nikamkuta Babu getini amevaa kanzu safi. Nilikuwa nimeshajirekebisha: nikampa shikamoo, akanipa marahaba, tukaelewana vizuri kabisa, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kuelewana kwa muda wa saa kumi na tano.

"Mwalimu," akasema, "leo mchana sipo hapa. Bibi yako anapanda stima."

"Bibi yangu?"

"Ndiyo."

"Mzee, mimi sina bibi."

Uso wake ukaingia huruma. "Alishafariki?"

"Hapana. Sijaoa."

"Na nani amekwambia umuoe bibi?"

Kwetu bibi ni mke. Kwa Babu, bibi yangu mimi ni mke wake yeye, kwa heshima ya umri. Fundo hilo lilituchukua muda kulifungua, na kwa kuwa tulilifungua, tukadhani tumefungua yote.

"Kumbe mkeo! Na anapanda stima mwenyewe?"

"Mwenyewe. Amezoea tangu msichana."

"Haogopi?"

"Zamani alikuwa anatapika. Siku hizi hata usingizi anaupata huko huko."

"Huko juu?"

"Juu ndiko kuzuri, kuna upepo. Chini joto, tena kelele."

"Na hakuyumbi?"

"Hali ya hewa ikichafuka kunayumba hasa. Lakini ukishika chuma vizuri, huanguki."

Nikasema moyoni, hawa watu wa Kigoma si wa kawaida! Kwetu mwanamke akiwa fundi wa stima anaandikwa gazetini. Hapa mwanamke mwenye wajukuu anapanda nguzo, na usingizi anaupatia huko huko, ameshika chuma. Nikampa Babu mkono kwa heshima ya kweli. "Hongera, mzee. Mwambie awe makini na ile ya volti kubwa."

"Nitamwambia," Babu akasema, kwa kuwa ni mtu wa adabu.

Yule mama alikuwa anakwenda Kirando kwa binti yake aliyejifungua, na dumu la mawese na khanga za mtoto. Hayo niliyajua baadaye. Saa kumi jioni honi ya meli ikapanda mpaka kilimani, ndefu, ya huzuni kidogo, na madarasa yote yakageuza shingo madirishani. "Liemba hiyo," wakaniambia. Liemba. Hakuna aliyesema stima. Angalikuwapo mmoja tu wa kusema stima, nisingekuwa na kisa cha kuandika.

Usiku nikawa mwalimu wa zamu. Wanafunzi wako madarasani wanajisomea, mimi napita verandani na fimbo ya kuonekana nayo tu. Saa tatu kasoro, pa! Giza. Nikatazama chini mjini: giza. Bandarini, ambako sekunde moja nyuma kulikuwa na taa zimejipanga kama shanga, giza. Mji wa Kigoma wakati huo uliishi kwa majenereta ya mafuta, na wenyeji giza la ghafla lilikuwa haliwashtui. Wangewasha vibatari vyao na maisha yangeendelea. Lakini mimi ni mwalimu wa zamu, mgeni, mwenye hamu ya kuonekana nimelishika jambo. Nikapaza sauti kilima kizima kisikie:

"Stima imepotea! Kila mtu abaki alipo! Stima imepotea!"

Nikasikia viatu vya mpira vinakimbia kutoka getini. Babu akatokea, tochi inatetemeka mkononi.

"Umesemaje?"

"Stima imepotea, mzee."

"Imepotea wapi?"

"Kote. Ona mwenyewe." Nikamwonyesha kule bandarini.

"Lini?"

"Sasa hivi tu."

Akashika nguzo ya veranda. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

Nikaona wenzetu wanalichukulia suala hili kwa uzito sana. Nikamwekea mkono begani, nikamfariji kama tunavyofarijiana sisi Nakuru.

"Usijali, mzee. Hii ni kawaida. Kwetu inapotea kila wiki."

"Kila wiki?"

"Wakati wa mvua hata mara mbili. Watu wamezoea. Unawasha mshumaa, unalala."

Babu akanitazama kama mtu anayetafuta moyo ndani ya kifua changu na haupati. "Na bibi yako je?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Nguzo. Chuma. Saa kumi. Kila kitu kikakaa mahali pake, na mimi, mwalimu wa fizikia mwenye shahada, nikatoa hitimisho la kisayansi:

"Mzee, usinikasirikie, lakini pengine ni yeye ndiye ameiharibu."

Babu hakunijibu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mwembe, akachukua nondo, akaanza kuigonga ile ringi ya lori kwa namna ambayo sijaisikia tena tangu siku ile.

Mimi nikadhani ndio utaratibu wa huku: stima ikipotea, kengele inagongwa. Nikaenda stoo kutafuta taa za chemli. Niliporudi uwanja umejaa. Wasichana wameshikana, wengine wanalia kwa sauti. Nikaguswa mno. Nakuru stima ikipotea wakati wa kujisomea, wanafunzi hushangilia na kupiga madawati. Hawa wanalia! Nikasema kweli, watoto wa Kigoma wanapenda shule. "Msilie," nikawaambia, "mtasoma kesho." Msichana mmoja akalia zaidi. Baba yake, nilikuja kujua, alikuwa amepanda kwenda Kipili.

Watu wanaweza kujiuliza kwa nini hakuna aliyesita hata kidogo, akauliza maswali mawili matatu. Lakini Tanzania ilipoteza mamia ya watu kwenye MV Bukoba, Ziwa Victoria, Mei 1996, na tangu hapo habari ya meli usiku haichambuliwi kwanza. Inapokelewa kwa mikono kichwani. Na katikati ya Ziwa Tanganyika simu hazipatikani, kwa hiyo kila aliyepiga kumtafuta ndugu yake alijibiwa na ile sauti ya kike kwamba mteja hapatikani, na kila aliyejibiwa hivyo akapiga ukelele.

Majirani wakaanza kuingia na tochi. Mama ntilie wangu akaja na khanga kichwani. Mwalimu wa historia ndiye pekee aliyekuwa anabisha, na alibisha kwa njia yake: alipanda juu ya benchi gizani, akatoa kipindi.

"Sikilizeni! Ile haizami! Ilijengwa Ujerumani, Papenburg, 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa meli mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka hapa! Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, tena waliipaka injini grisi kwanza! 1924 Waingereza wakaiibua, 1927 ikarudi kazini! Meli iliyokwisha kuzama haizami tena!"

"Shuka, mwalimu," mama mmoja akamwambia, "tuna msiba."

Nilimsikia lakini sikuunganisha. Nilidhani mwalimu wa historia amepata mahali pa kufidia kipindi. Ndipo ikaingia bodaboda kutoka Mwanga, kijana akaruka kabla haijasimama. "Liemba imezama! Taarifa imethibitishwa! Kuna mwalimu Mkenya huku juu ameipata kwenye redio ya kwao!"

Moyo ukanilipuka. Kwanza, nakiri, nilifurahi nusu sekunde kusikia kuna Mkenya mwenzangu hapa kilimani, nikageuka kumtafuta. Kisha maana ya ile habari ikaniingia. Meli. Watu. Ile honi niliyoisikia jioni. Machozi yakanilenga kwelikweli. Nikakimbia kwa Babu, aliyekuwa ameketi chini ya mwembe, kichwa magotini, nikapiga goti mbele yake.

"Mzee, usiku gani huu! Stima imepotea, na sasa wanasema Liemba nayo imezama!"

Akainua uso. "Zimekuwa mbili?"

Matroni, aliyekuwa amemshikilia, akakaa chini naye.

Mkuu wa shule alifika akiwa na taa ya kandili na utulivu wake wote. Hakuuliza nini kimetokea. Aliuliza swali ambalo mwalimu wa miaka mingi huuliza darasa likiwa na kelele: "Nani ameanza?"

Kijana wa bodaboda akasema ameambiwa na muuza chipsi wa Mwanga. Muuza chipsi amepigiwa simu na shemeji yake. Shemeji yake ni yule mama mwenye khanga ya kijani, huyo hapo. Mama mwenye khanga ameambiwa na matroni. Matroni amemsikia Babu. Babu akanyoosha tochi, na duara la mwanga likatua kifuani pangu, juu ya doa la mawese.

"Ni huyu."

"Mimi?" nikasema. "Mimi sijataja meli! Mimi nimesema stima!"

"Ndiyo," watu wakajibu kwa pamoja. "Stima."

"Stima, ile ya kwa waya!"

Kimya. Nikasikia vyura. Kisha nyuma ya wasichana ikatoka sauti ndogo, "Samahani, mkuu," na yule mjukuu wa dirishani akasogea mbele na daftari kifuani. Alilifungua mbele ya kandili. "Mwalimu alitufundisha jana. Alisema stima inapita kwenye waya mpaka nyumbani. Mimi nikamwuliza abiria wanashukia wapi, akaniambia niketi chini."

Mkuu akaitazama ile picha. Akaitazama meli juu ya waya, akaitazama nguzo, akamwona abiria anayetapika, akaiona alama yangu ya 2 na *Acha mzaha.* Nilimwona akijitahidi. Mabega ndiyo yaliyomsaliti kwanza. Akampa matroni kandili, akaketi kwenye jiwe, akacheka mpaka akaomba maji.

Kutoka hapo kicheko kilipita uwanjani kama moto wa nyasi, kila mtu anamweleza jirani yake, na wale waliokuwa wamelia sana ndio waliocheka kwa hasira zaidi. Kijana wa bodaboda alitumwa bandarini kwa usalama tu, akarudi na jibu: meli iliondoka salama, kilichopo ni umeme kukatika, na wanaomba kumjua aliyeeneza habari hizo. Mkuu akamwambia awajibu kwamba ni suala la kitaaluma.

Babu peke yake hakucheka. Alinijia polepole.

"Ulisema mke wangu ameiharibu stima."

"Nilidhani ni fundi wa umeme, Babu. Uliniambia anapanda."

"Na kutapika?"

"Nilidhani ni kwa ajili ya urefu wa nguzo."

"Na kulala huko juu?"

"Hapo ndipo nilipompa heshima yangu yote."

Alifikiri. Nadhani alikuwa anamwona mkewe, na khanga zake mbili, juu ya nguzo ya umeme, amelala. Kitu kikaanza kumtikisa kutoka tumboni, akageuka haraka akarudi getini, na nikamsikia akichekea huko peke yake, akitulia, akianza upya.

Alhamisi nilitakiwa kuomba radhi mstarini. Nikasimama nikasema, "Poleni sana kwa yaliyotokea jana," maana kwetu pole inafanya kazi zote mbili. Mkuu akaninong'oneza: "Mwalimu, usitupe pole. Tuombe samahani." Nikaomba. Nilipomaliza, mstari wa nyuma wa kidato cha nne ukapiga honi ya meli, ndefu, kwa midomo, na tangu dakika ile sikuwa tena na jina nililopewa na wazazi wangu. Niliitwa Mwalimu Stima. Hata mama ntilie. "Karibu, Mwalimu Stima, leo unaomba nini?"

Yule mjukuu nilimwita ofisini na daftari lake. Nikakata ile 2, nikaandika 9. Akauliza moja imekwenda wapi. Nikamwambia amechora waya mmoja tu, na ili stima ipite lazima kuwe na wa kurudia. Akafikiri, akasema, "Kweli. Ikifika nyumbani itageuzia wapi?"

Ijumaa usiku, saa mbili na nusu, giza likaingia tena. Mara hii hakuna aliyejongea. Madarasa yote, na nadhani kilima chote, kilikuwa kinanisubiri mimi. Nikatoka verandani, nikasafisha koo, nikatamka kila silabi kama msoma taarifa ya habari:

"Umeme umekatika."

Kutoka getini, gizani, sauti ya Babu ikajibu:

"Tumesikia, mwalimu. Na stima?"

"Stima ipo, Babu."

"Na bibi yako?"

"Ameshika chuma."